Wasihesabiwe Hatia: Kuwasamehe Waliotukimbia Siku ya Shida

Bwana Yesu asifiwe! Na ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo! Poleni na jua, poleni na safari. Wapo waliotoka Buhongwa na Igoma, wapo waliovuka kutoka Kamanga, na ndugu wa Ukerewe naona mmelala mjini tangu jana ili muwahi. Karibuni sana.

Waandaaji wametaka tuzungumze juu ya kuwasamehe wale wanaotuacha wakati wa shida. Wengi wenu hapa ni viongozi wa jumuiya, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi. Ninyi ndio mnaogongewa mlango saa nne usiku na mtu anayesema, "Ndugu zangu wote wamenikimbia." Kwa hiyo leo mahubiri yatakuwa kidogo, ufundi utakuwa mwingi.

Waswahili wamesema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Msemo mzuri, ila umeishia katikati ya njia. Unakwambia rafiki ni nani. Haukwambii umfanyeje yule ambaye hakukufaa, na kesho utabanana naye kwenye daladala, au mtafuatana kwenye foleni ya meza ya Bwana. Mithali sura ya 25, mstari wa 19, inakwenda mbele kidogo: kumtumaini mtu asiye mwaminifu siku ya taabu ni kama jino lililovunjika na mguu ulioteguka. Jino bovu huweza kukaa kimya siku nzima, likauma siku ya kutafuna. Mguu ulioteguka haukusumbui ukiwa umelala, unakusumbua ukiuegemea. Ndiyo maana adui hawezi kutuacha. Anayeweza kutuacha ni yule tuliyemwegemea, na uchungu wake unalingana na uzito tuliokuwa tumemwekea.

Sasa fungueni waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 9 na kuendelea. Paulo yuko Rumi, amefungwa minyororo, anajua kuwa saa yake ya kufa imekaribia. Anaandika majina. Someni polepole, maana hapa mtu aliyeachwa anapanga watu wake kama mchuuzi anavyochambua samaki pale Mwaloni Kirumba: huyu huku, huyu kule.

Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu wa sasa, ameondoka kwenda Thesalonike. Kreske yuko Galatia na Tito yuko Dalmatia. Tikiko, Paulo mwenyewe alimtuma Efeso. Marko aletwe, kwa sababu anafaa kwa utumishi. Iskanda mfua shaba alimtendea ubaya mwingi, Bwana atamlipa, na Timotheo naye ajihadhari naye. Kisha, katika utetezi wake wa kwanza mbele ya mahakama, hakuna aliyesimama upande wake, wote walimwacha. Hao wote anawaombea: wasihesabiwe hatia kwa jambo hilo.

Mmeona? Huyu ni mtu mmoja, kifungo kimoja, karatasi moja, na hakuwatendea wote sawa. Sisi tukiumizwa tunasema "wote ni walewale." Kwa mtu mwenye uchungu, Tito na Dema wanafanana, kwa kuwa wote hawapo. Paulo anakataa kuwachanganya. Tito hayupo kwa sababu yuko kazini. Dema hayupo kwa sababu amekimbia. Ukimhesabia Tito kosa la Dema, umeanza wewe mwenyewe kutenda dhuluma.

Neno analotumia Paulo kwa "kuhesabiwa", katika Kigiriki, ni neno la mahesabu, la kuandika deni kwenye jina la mtu. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Kusamehe ni kufuta deni, na deni lisiloandikwa halifutiki. Mtu anayekwambia "mimi nimewasamehe wote, yameisha," halafu akiona picha ya harusi ya binamu yake anageuza uso, huyo hajafuta kitu. Amefunika daftari tu.

Kabla ya daftari kuna joho. Mstari wa 13: Paulo anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi, na mstari wa 21 anamhimiza Timotheo afike kabla ya wakati wa baridi. Aliyeachwa ana baridi, na anasema kuwa ana baridi! Eliya naye, alipolala chini ya mti akiomba afe, Mungu hakuanza na mafundisho. Malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akapewa mara ya pili, ndipo safari ikaendelea. Kwa hiyo mtu akija kwako juma la kwanza baada ya kufukuzwa kazi, au mama amefiwa na shemeji zake wamebeba hadi godoro, usimwambie "samehe, mama, ili Mungu akubariki." Uliza: watoto wamekula? Dawa zipo? Kodi ya nyumba ni lini? Analala usiku? Neno la msamaha likitangulia mbele ya ugali linasikika kama amri ya kunyamaza. Tumewaumiza wengi kwa njia hiyo, tena kwenye matanga, na kipaza sauti mkononi. Msiwaombe waliofiwa kutamka msamaha mbele ya watu. Atatamka kwa sababu ya macho ya watu, na baadaye ataona aibu kurudi kukwambia kuwa bado linauma.

Akishapata usingizi kidogo, sasa karatasi. Moja tu, yenye safu nne. Safu ya kwanza, jina. Jina la mtu, wala si "ukoo wa baba" au "kanisa", kwa sababu huwezi kusamehe umati. Safu ya pili, alichofanya au alichoacha kufanya, na lini. Safu ya tatu, nilitarajia nini kwake, na matarajio hayo yalitoka wapi. Safu ya nne, kilichonigharimu: fedha, kazi, usiku ngapi, heshima mbele ya watoto wangu. Asiyejua kuandika atamke, nawe umwandikie, kisha karatasi iwe yake, asiondoke nayo mwingine yeyote. Msizidishe majina matatu kwa kikao kimoja, na msianze na jina zito kuliko yote. Anayeanza na mume aliyetoroka kabla hajajaribu kwa jirani asiyekuja kumwona, mara nyingi hukwama na kuamini kwamba hawezi kusamehe kabisa.

Majina yakishakaa, pitisha kila moja kwenye maswali manne. Alijua? Aliweza? Aliahidi? Ilikuwa zamu yake kweli?

Swali la kwanza linaangusha majina mengi kuliko mnavyodhani. Watu wanapigiwa simu zisizopatikana, ujumbe unaachwa kwa mtoto, halafu tunasema "aliambiwa." La pili ndilo la huku kwetu ziwani. Mnajua dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na siku za mbalamwezi mitumbwi inalala ufukweni. Mtu wa mwaloni siku hizo mfukoni hana kitu. Ukilazwa Bugando siku za mbalamwezi, rafiki yako wa kambini kule Ukara hakosi upendo, amekosa nauli. Kutoka Nansio tu ni saa tatu hivi majini, bado hujahesabu kulala mjini na kula. Tena kuna kitu kibaya kuliko nauli, nacho ni aibu ya mkono mtupu. Sisi tumefundishwa kwamba mgonjwa haendewi hivi hivi, unabeba japo machungwa, japo uji kwenye chupa. Asiye na machungwa anasema nitakwenda kesho, na kesho anasema sasa nimechelewa mno, nitamtazamaje? Juma la pili anakukwepa barabarani. Wewe unasoma dharau, yeye amebeba fedheha.

Wengine wanakimbia kwa hofu. Wanaogopa machozi, wanaogopa ugonjwa, wanaogopa wataombwa mkopo ambao hawana. Wengine walidhani wengine wapo. Hawa wote wana deni, sisemi hawana, lakini ni deni la udhaifu, na Bwana aliwajua watu wa aina hiyo. Mathayo 26: wanafunzi wote wakamwacha, wakakimbia. Aliwaomba wakeshe naye saa moja tu, wakasinzia, na hata hapo alisema kwamba roho i radhi ila mwili ni dhaifu. Aliwatetea huku ameumia. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja kifuani mwa mtu mmoja.

Swali la tatu na la nne ni gumu zaidi kwa sababu linamgusa mwenye karatasi. Zipo ahadi tulizojiahidi wenyewe kwa niaba ya wengine. "Nilimsomesha mdogo wangu, kwa hiyo angeuza kiwanja chake anitoe mahabusu." Alikuahidi? Au uliandika mkataba wewe peke yako? Hapo ndipo watu hukasirika na kutaka kuondoka, mwacheni apumzike, mumpe maji.

Majina yaliyobaki baada ya maswali hayo ndiyo madeni ya kweli. Msiyapunguze. Mathayo 18 tunaihubiri vibaya mara nyingi: tunasema mtumwa yule aliyesamehewa na mfalme alimdai mwenzake kidogo, dinari 100, akamkaba kwa kitu kidogo. Piga hesabu. Dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku, tunajua kutoka Mathayo 20. Dinari 100 ni siku 100 za kazi. Kwa kibarua anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni milioni moja. Nani hapa anaita milioni moja kitu kidogo? Yesu hakutaja dinari mbili. Alichagua deni linalouma, kisha akaliweka kando ya talanta 10,000. Talanta moja ni kama dinari 6,000, kwa hiyo yule wa kwanza alidaiwa siku milioni 60. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni miaka 200,000. Deni lako ni la kweli na ni kubwa, na liko mbele ya mfalme aliyefuta lisiloweza kulipwa. Ukimwambia mtu "hilo dogo, achilia," umemdanganya kuhusu deni lake na umemdanganya kuhusu mfano wenyewe.

Kulifuta sasa. Marko 11:25 inasema, kila msimamapo kusali, sameheni mkiwa na neno juu ya mtu. Mdeni hahitajiki kuwepo. Anaweza kuwa Dar es Salaam, anaweza kuwa kaburini. Msaidie mtu atamke kwa sauti: jina, tendo, gharama, kisha, "Bwana, deni hili nalifuta, asihesabiwe kwa upande wangu." Jina moja, deni moja, halafu nyamazeni kidogo kabla ya jingine. Mwandike tarehe chini ya jina. Kuna makanisa wanachoma karatasi hizo kwenye ndoo mbele ya madhabahu. Sina ugomvi nao, ingawa moshi ule naona unawafurahisha zaidi waliosimama kandokando. Cha lazima ni karatasi isizagae nyumbani ikaja kusomwa na mtoto anayemwita huyo mdeni baba mdogo.

Tarehe ile ina kazi. Siku ya tatu usiku uchungu utarudi, karibu kila mara unarudi, na mtu atasema, "kumbe sikusamehe." Mwambieni: kumbukumbu imerudi, deni halijarudi. Arudie kusema, "nililifuta tarehe fulani." Petro aliuliza mara saba zinatosha, akajibiwa saba mara sabini, na kwa wengi wetu hiyo hesabu ya 490 haitumiki kwa makosa mengi. Inatumika kwa kosa lilelile moja linalokurudia kila ukipita stendi aliyokuacha.

Je, umfuate umwambie? Inategemea. Asiyejua kuwa amekukosea, na maswali manne yamemtoa, usimpelekee habari za msamaha. Utakuwa umemshtaki kwa jina la kumwachilia. Lakini aliyejua, na bado mnaishi pamoja au mnaabudu pamoja, Yesu ametoa utaratibu, Mathayo 18:15: kwanza ninyi wawili peke yenu, asiposikia, mtu mmoja au wawili, asiposikia hao, kanisa. Kinachoharibika hapa Mwanza ni kimoja: tunaanzia mwisho. Tunaanza kwenye kwaya, au kwenye grupu la WhatsApp la familia, au tunaweka "status" yenye mstari wa Zaburi ambao kila mtu anajua unamlenga nani. Halafu tunasema tulimwonya akakataa.

Mkikutana, maneno yawe machache. "Mwezi wa tatu nilipolazwa siku 12 nilikutumia ujumbe mara mbili, ukaniambia unakuja, hukuja. Iliniuma sana. Nimekusamehe." Basi. Msitie "lakini", msitie orodha ya mambo uliyowahi kumfanyia. Kisha nyamaza, maana huenda akasema jambo usilolijua. Mahali pia pana maana. Usimfuate kwake mbele ya mke na watoto, wala msibani.

Someni Yohana 21, ni habari ya ufukweni, sisi tunaielewa hata harufu yake. Petro alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa katika ua wa Kuhani Mkuu, Yohana 18. Moto wa makaa unatokea tena kando ya Bahari ya Tiberia, juu yake samaki, na mkate. Wamevua samaki wakubwa 153, wamechoka, wamelowa. Yesu anasema njooni mle. Mazungumzo yalianza walipokwisha kula. Na swali lenyewe halikuwa "kwa nini ulinikana?" Lilikuwa "wanipenda?", mara tatu, na kila mara akampa kazi. Petro alihuzunika mara ya tatu, kwa hiyo msitegemee kikao cha namna hiyo kiwe kitamu. Ila mle kwanza.

Sasa jambo ambalo linaleta vurugu kuliko yote: kufuta deni na kukopesha upya ni madaftari mawili. Msamaha unatolewa kwa siku moja, imani inajengwa kwa miaka. Marko alirudi nyuma kule Perge ya Pamfilia, Matendo 13. Sura ya 15 Paulo alikataa kwenda naye tena, hata akaachana na Barnaba kwa ugomvi mkali. Marko akaenda Kipro na Barnaba, akafanya kazi, na miaka mingi baadaye ndiye anayetakiwa Rumi. Hakurudishiwa nafasi kwa sababu alilia vizuri. Na Yusufu, kabla ya kujitambulisha kwa ndugu zake, aliwaweka kwenye jaribu lilelile: kikombe kwenye gunia la Benyamini, mdogo ambaye wangeweza kumwacha Misri wakaenda zao kama walivyomwacha yeye. Yuda alipojitoa abaki mahali pa kijana, ndipo Yusufu alipolia kwa sauti. Kwa hiyo mshirika aliyekuacha na deni la nyavu na injini akirudi, unaweza kula naye leo na usimpe ufunguo wa boti. Mpe jambo dogo lenye tarehe: alete mafuta lita 20 Jumatatu asubuhi. Akileta, lingine. Asipoleta, hujapoteza boti, na msamaha wako uko palepale.

Tena huwezi kufuta deni lisilo lako. Baba aliyetelekeza familia, mama anaweza kumsamehe kwa machozi yake na upweke wake. Ada na chakula ni haki ya mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze. Kwenda ofisi ya ustawi wa jamii kudai matunzo si kukosa msamaha, wala mchungaji asimwambie mama aache. Vivyo hivyo mweka hazina aliyetoroka na fedha za kikoba: mwanachama mmoja atasamehe kilichomuumiza yeye, fedha za wote zinazungumzwa na mkutano wa wote.

Na Iskanda mfua shaba tusimsahau. Yupo anayeacha na bado anarudi kuumiza, anapiga, anatishia. Paulo hakumwalika kwenye kikao. Alimkabidhi kwa Bwana, na akamwonya Timotheo ajihadhari. Mwanamke aliyekimbia kipigo msimpatanishe sebuleni kwa sala na soda. Mpelekeni dawati la jinsia polisi, mtafutieni pa kulala, na msamaha wake mwachieni yeye na Mungu wake, kwa wakati wake.

La mwisho nililoona tusipite bila kuligusa ni Ayubu 42. Alipowaombea rafiki zake ndipo Bwana alipomgeuzia hali yake. Kisha, mstari wa 11, wakaja ndugu zake wote na dada zake na wote waliomjua zamani. Wale wale ambao sura ya 19 anasema walijitenga naye! Wakala mkate nyumbani kwake, wakamfariji, kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Wamechelewa kweli kweli, majipu yamekwisha, machozi yamekwisha. Maandiko hayasemi kwamba aliwauliza walikuwa wapi. Alizipokea zile pete. Kuna watu hapa wamefuta deni vizuri kabisa, lakini shangazi akileta kuku miaka miwili baadaye, kuku anarudishwa na mtoto hadi barabarani.

Karatasi zenye safu nne ziko kwa mzee pale mlangoni, na kalamu zipo. Chukueni moja yako wewe kwanza, kabla ya zile za kupeleka kwa watu wenu. Wanaowahi pantoni ya Kamanga watangulie, tafadhali, tuwapishe wapite.